Kitalu cha migomba njia ya Kakuyuni: kiguruwe sawa, mkono wa tembo ngoja kwanza

Kwa mwenye haraka: miche ya kiguruwe na ya zile ndizi ndefu za sokoni, nunua pale bila wasiwasi. Bokoboko, nunua kama hujapata chipukizi kwa jirani. Mkono wa tembo, ngoja kwanza. Sababu yake ni ndefu kidogo, na mimi nimefundisha baiolojia hadi nikastaafu, na mazoea yana taabu. Asiyetaka somo aruke aende chini kwenye bei na saa za kufungua.

Kitalu kiko nje ya Malindi mjini, ukishika njia ya Kakuyuni, chini ya miembe mikubwa, na neti ya kijani imetandazwa juu ya boriti. Jina silitaji, maana nina la kulalamikia na mwenyewe tunasalimiana sokoni. Anayelima upande ule ameshakijua.

Nianze na sifa, kwa kuwa wanastahili. Kila safu ya miche ina kibao cha mbao, na kwenye kibao, chini ya jina la ndizi, kumeandikwa herufi tatu: kiguruwe AAA, mkono wa tembo AAB, bokoboko ABB. Vitalu vingine vya huku kwetu huandika "za kula" na "za kupika", basi. Nilimuuliza kijana anayemwagilia maji kama anajua maana ya herufi zile. Akacheka: "Mwalimu, mimi naandika alivyoniagiza mzee." Sikumlaumu. Lakini herufi hizo ndizo zilizonifanya nivue viatu vya mnunuzi nikavaa vya ukaguzi.

Herufi zenyewe si mapambo. Mwaka 1955 Simmonds na Shepherd walipendekeza ndizi zipangwe kwa asili yake: A ni ya Musa acuminata, B ni ya Musa balbisiana, migomba miwili ya mwituni kutoka Asia, yote ikiwa na mbegu ngumu za kuvunja meno. Kila herufi ni seti moja ya kromosomu 11, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Mgomba wa mwituni una seti mbili, 22. Migomba yetu mingi ya shambani ina seti tatu, 33, na tatu haigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza mbegu. Ndiyo maana tunakula ndizi bila kutema kokwa, na ndiyo maana hatupandi mbegu bali machipukizi. Sasa tunapanda pia miche ya maabara, inayokuzwa kutoka tishu ndogo ndani ya chupa. Huku Kenya miche hiyo ilianza kuwafikia wakulima miaka ya 1990, na sina ugomvi nayo. Inakuja bila fukusi, bila minyoo ya mizizi, bila udongo wa mnyauko uliobebwa kutoka shamba la mtu. Kwa mwenye shamba jipya ni neema.

Miche ya pale imezoeshwa jua vizuri. Hili wengi hawaliangalii. Mche ukitoka chupani una majani laini yasiyojua upepo wala jua la saa nane, na kitalu chenye pupa ya hela hukuuzia hivyohivyo, ukapanda Jumatatu, Alhamisi umekauka. Hawa wanaiweka chini ya neti, halafu wanaisogeza pembeni kidogo kidogo, na hawauzi mpaka shina limekuwa nene. Nilipasua kifuko kimoja mbele yao (kijana alikunja uso, nikamwambia nitakilipia) nikakuta mizizi meupe imezunguka udongo wote. Samadi wanayochanganya imeiva, haina harufu ya mkojo wa mbuzi. Kwa hayo peke yake wangepata nyota tano.

Kiguruwe nilichopanda mimi kimetoka kimoja kama kingine. Urefu sawa, majani sawa, mikungu imeshuka karibu wakati mmoja, jambo ambalo kwa mtu anayeuza kwa madalali wa Watamu ni faida ya wazi. Kwa ndizi za jamii ya Cavendish, ambayo kiguruwe ni mmoja wao, aina ya mche potofu inayojulikana zaidi kutoka chupani ni kibeti: mche uliodumaa, majani mapana yamesongamana. Kibeti unaweza kukiona mapema, kitaluni, kabla hujatoa hela. Niliwauliza kama wanavichambua. Kijana akanionyesha pembeni ya choo lundo la miche iliyong'olewa. Lundo hilo lilinifurahisha kuliko safu zote za kuuza, maana lina maana kwamba kuna mtu anaangalia.

Nipenyeze jambo moja la kujivunia, halafu nirudi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha ushahidi kwamba Cavendish, ndizi inayojaza maduka ya Ulaya, na Gros Michel iliyoitangulia, zilipata sehemu kubwa ya kromosomu zao kutoka kwa ndizi za AA za kundi la Mlali. Na Mlali leo hazipatikani huko Asia walikotoka babu zake; zinapatikana Komoro, Zanzibar na Madagaska. Mtalii akikaa kwenye hoteli ya hapa ufukweni akala ndizi yake ya asubuhi, anakula ukoo wetu wa karibu bila kujua.

Sasa mkono wa tembo.

Nilinunua safu nzima, kwa ajili ya ndizi za nazi za Ramadhani na za kukaanga, kwa kuwa ukiwa na mkono wa tembo wa kweli, vidole vichache vinene virefu, wanunuzi wanakufuata nyumbani. Miche ilikuwa mizuri. Imeshika, imekua, hakuna aliyepita njiani asiyesifu. Mikungu iliposhuka, mingi ilikuwa vile nilivyotaka: machane machache, vidole vikubwa, na ua la mwisho limekauka likatoweka, kama ilivyo kawaida yake. Mingine, hapana. Mkungu mrefu, machane mengi, vidole vingi vidogo, na chini ua kubwa jekundu linaning'inia mpaka siku ya kukata. Ndizi tamu, sikatai, ukipika zinaiva. Lakini si mkono wa tembo. Mnunuzi wangu wa Mambrui aliziangalia akasema, "Mama, hizi ni za nani?"

Mwenye kitalu alikuja mwenyewe shambani, jambo la uungwana. Akazunguka, akashika mkungu, akasema ni mbolea, au maji ya Sabaki yana chumvi msimu ule. Nikamwambia, "Mzee wangu, chumvi haibadilishi idadi ya machane na kulirudisha ua lililokwisha." Akanyamaza. Nikaona hajui, na si aibu kutojua, kwa sababu hata wanaomletea miche pengine hawakumwambia.

Jambo hili linajulikana. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki kule Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1980, waliipanda ndizi ya kupika ya AAB waliyoizalisha kwa tishu wakaona hilohilo: baadhi ya mimea ya aina yenye vidole vichache ikageuka ikazaa mikungu ya vidole vingi na ua linalodumu. Chupani, tishu inakatwa, inalishwa homoni, inakatwa tena, kizazi baada ya kizazi, na katika msukosuko huo jenomu, yaani urithi wote wa mmea, haitulii. Pengine kromosomu nzima hupotea au huongezeka. Pengine kipande hukatika kikajibandika pengine. Na pengine hakuna kilichokatika kabisa, ila alama ndogo za kikemikali, za methili, zinazoufanya mmea uizime jeni au uiwashe zimehama. Jeni ipo palepale, herufi zake zilezile, lakini haisemi, au inasema mahali ilipokuwa kimya.

Linalonikera ni hili, na ndilo la kumwambia kila mnunuzi. Mmea wenye seti mbili tu ukipoteza kipande kikubwa cha kromosomu, mara nyingi unadhoofika mapema na kujulisha. Mgomba wenye seti tatu una akiba. Chukua jiko la harusi lenye wapishi watatu, dada wawili na wifi mmoja: wifi akiondoka usiku wa manane, pilau itaiva tu asubuhi, wageni watakula, ila ile ladha aliyoileta wifi haitakuwepo, na hutajua mpaka sahani ifike mdomoni. Ndiyo AAB. A mbili, B moja. Jeni iliyokuwa kwenye B ikipotea, nakala mbili za A zinaendelea kufanya kazi, mche unabaki kijani, unanawiri, unauzwa. Tofauti inakuja kuonekana kwenye mkungu, au siku ya kiangazi. Kwa hiyo kuuangalia mche wa AAB kitaluni, hata ukiuangalia kwa miwani ya daktari, hakukwambii kitu. Kinachokwambia ni daftari: mgomba mama ni upi, ulizaa nini, na tishu imekatwa vizazi vingapi chupani. Kadiri vizazi vinavyozidi, miche potofu nayo huzidi, na ndiyo maana maabara makini huwa na kikomo halafu huanza upya na mama mpya.

Basi nikaomba daftari. Kwa kiguruwe lilikuwa zuri: tarehe ya kupokea, maabara, kundi, na hata walichokitupa. Kwa mkono wa tembo kulikuwa na tarehe na idadi. Kizazi, hakuna. Mama, hakuna. Hapo ndipo nyota zilipopungua.

Kuna watu watasema namchukia mche wa maabara na nataka jenomu zikae kama zilivyoumbwa. Sivyo. Kubadilishana vipande ni kazi ya zamani ya mimea ya namna hii, chupa au bila chupa. Zamani tulifundishwa, nami nikafundisha darasani, kwamba AAB maana yake theluthi mbili kamili za A na theluthi moja kamili ya B, kila moja kwenye chumba chake. Jenomu ya A ilisomwa mwaka 2012, jeni zaidi ya 36,000, ya B ikafuata mwaka 2019, na baada ya hapo watu wakaanza kupima ndizi zetu kipande kwa kipande. Wakakuta A na B zimeshapokezana sehemu. Katika kundi la bokoboko, ABB, kuna maeneo kwenye kromosomu ambayo B moja imechukuliwa na A, na mengine kinyume chake. Mahali kipande kilipobadilishwa, hesabu ya jeni inabadilika, na kwa kawaida sauti ya jeni, yaani kiasi inavyofanya kazi, inafuata hesabu: nakala nyingi za A, ujumbe mwingi wa A. Si kila jeni inatii hivyo; nyingine hujisawazisha jumla ibaki ileile. Hata Cavendish yenyewe imebeba kromosomu zilizobadilishana mikia tangu enzi za migomba ya mwituni, na hakuna anayeikataa mezani.

Mfano wa mabadiliko yenye faida na gharama zake uko kwenye chapati. Ngano ya mkate ina seti sita, kromosomu 42, na wakulima wa ngano walipewa zamani kipande cha kromosomu ya nafaka nyingine ya Ulaya, ile waiitayo "rai", kikabandikwa mahali pa mkono mfupi wa kromosomu 1B. Kipande kile kilikuja na jeni ya kinga dhidi ya ugonjwa wa ngano uitwao kutu ya shina, Sr31, ikaenea dunia nzima. Lakini kilikuja pia na protini za rai, kikaondoa baadhi ya protini za ngano, na unga wa namna hiyo unanata mikononi, waokaji wanaulalamikia. Halafu kutu mpya iliyoonekana Uganda mwaka 1998, Ug99, ikaishinda Sr31. Kituo cha utafiti cha Njoro hapa Kenya ndicho kinachopimiwa ngano za nchi nyingi dhidi ya kutu hiyo. Kipande kimoja, jeni chungu nzima, kingine chema, kingine kero. Huwezi kuagiza nusu yake.

Nirudi kwenye B, kwa kuwa kuna jambo la pili ambalo mwenye kitalu anapaswa kulijua. Ndani ya jenomu ya Musa balbisiana kumejificha vipande vya virusi vya michirizi ya migomba, vimeshonwa kwenye kromosomu zenyewe. Mgomba wenye B unaweza kuwa mzima kabisa, hauna virusi vya kupima kwenye jani, ila umebeba maandishi yao. Ukipata msukosuko, na kukuzwa chupani ni mmoja wao, kama vile kuchanganywa uzao mpya, vipande hivyo vinaweza kuamka, virusi vikaundwa upya na michirizi ya manjano ikatokea kwenye majani ya mgomba ambao haukuambukizwa na mdudu yeyote. Si kila mgomba wenye B una nakala zinazoweza kuamka. Lakini kwa kitalu kinachouza AAB na ABB, kuangalia michirizi wiki za mwanzo si hiari. Miche niliyoikagua haikuwa na michirizi, na hilo nawapa. Walichokosa ni kumwambia mnunuzi akiiona baadaye afanye nini. Mimi nasema: ng'oa na shina lake, usichukue chipukizi hapo, mpigie aliyekuuzia.

Kwa nini basi nimewaruhusu bokoboko na kuwakatalia mkono wa tembo, na zote zina B? Kwa sababu ya matumizi. Bokoboko tunaipanda kwa ugumu wake. B ndiyo inayosifika kwa kustahimili ukame, na kwenye udongo wa kichanga wa kuelekea Gede bokoboko linasimama pale kiguruwe kinapolala. Likizaa kidole kirefu kidogo au kifupi kidogo, chungu hakijali. Mkono wa tembo unanunuliwa kwa umbo. Ukibadilika umbo, umeuza kitu kingine. Kwa hiyo kwa mkono wa tembo mimi nakwenda kwa wazee wa Jilore wenye migomba iliyokatwa mikungu mbele ya macho yangu, nachukua chipukizi la upanga, lenye majani membamba, namenya mizizi yote, nalitumbukiza kwenye maji ya moto kuua minyoo, napanda. Ni kazi, na hupati mia kwa siku moja. Lakini mama yake nimemwona.

Kuhusu fidia: mwenye kitalu alinirudishia miche badala ya ile iliyogeuka, si pesa. Nilitaka pesa. Tulivutana kidogo, kwa adabu, na yeye akaniongezea miche ya kiguruwe juu, nikapokea kwa kuwa ilikuwa mvua ya Aprili na shimo halingoji. Aliahidi kuwauliza wa maabara kizazi na mama, na kuandika kwenye kibao chini ya zile herufi tatu. Safari ya mwisho nilipopita kibao kilikuwa kilekile. Kijana alisema rangi imekwisha. Haya.

Nyota: kiguruwe na ndefu, tano. Bokoboko, nne. Mkono wa tembo, mbili, na hizo mbili ni za mizizi meupe. Huduma kwa mteja, nne. Wanapokea simu, wanakumbuka jina lako, hawakusukumii usichokitaka.

Bei: mche wa kiguruwe shilingi 150, mkono wa tembo 200, bokoboko 120, ukichukua wengi wanapunguza, lakini usianze kupatana kabla hujachagua, wanakupeleka safu ya nyuma. Wanapokea M-Pesa. Nenda na makreti yako mwenyewe, ya kwao yamevunjika na miche inalaliana njiani. Bodaboda anaweza kubeba kidogo tu. Kwa shamba zima tafuta pikapu, na mwambie dereva asikimbie, maana upepo unachana majani mapya. Asubuhi ni bora kuliko jioni, kijana anayejua safu yuko asubuhi tu. Ijumaa wanafunga saa sita na kurudi saa nane. Jumapili hawafungui.